Barazani kwa Bi Nesi: Unapaka nini, unakula nini, tangu lini?

Mwezi huu barua karibu zote ni za ngozi. Nilijua zitakuja. Kila ikikaribia Shaabani harusi zinabanana kabla ya Ramadhani, na watu wanakumbuka kwamba wana uso. Mhariri amenipa kurasa chache, nami nimechagua barua saba. Mbili nimezijibu kwa urefu kwa sababu ndizo zilizoninyima usingizi.

Kwa mgeni wa baraza hili: mimi si daktari. Nilikuwa nesi wa kliniki ya ngozi miaka 22, sasa nimestaafu, nipo Tanga nafuga kuku na kusoma barua zenu. Kila aliyekaa mbele ya meza yangu nilimuuliza maswali matatu kabla hajanionyesha chochote: unapaka nini, unakula nini, tangu lini? La pili na la tatu watu walijibu vizuri. La kwanza ndilo waliloniongopea.

Shikamoo Bi Nesi. Nina miaka 19, nasoma chuo hapa Morogoro. Chunusi zimenijaa mashavuni na kwenye paji la uso, nyingine zina usaha, zikipona zinaacha madoa meusi. Nimejaribu limao na sukari, dawa ya mswaki, asali, manjano, na sabuni nyeusi ya sokoni. Nanawa uso mara tano kwa siku. Mwenzangu wa chumbani anakula chipsi kunizidi na uso wake uko kama yai. Nile nini?

Marahaba mwanangu. Kabla ya kula, acha kwanza. Nimehesabu: limao, sukari, dawa ya mswaki, asali, manjano, sabuni nyeusi na maji mara tano. Huo si uso tena, ni mchuzi.

Limao liache leo hii. Ndimu na malimao yana kitu ndani yake ambacho kikikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi inaungua kama imemwagiwa maji ya moto, halafu panabaki weusi wa miezi. Niliwahi kumpokea kijana aliyekuwa akikamulia watu ndimu kwenye mishikaki ufukweni mchana kutwa. Alikuja na michirizi myeusi kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, vilevile maji yalivyochuruzika. Tulidhani amechapwa. Dawa ya mswaki nayo ni ya meno, na jino halina vinyweleo. Sukari ukiisugua usoni inakwangua, na kwenye chunusi yenye usaha unaitawanya tu.

Chunusi si uchafu, ndiyo maana kunawa mara tano hakukusaidii. Kila kitundu cha kinyweleo kina tezi ndogo ya mafuta. Ukifika balehe homoni zinaiamsha tezi hiyo, mafuta yanazidi, ngozi iliyokufa inaziba mlango, na vijidudu ambavyo siku zote vinaishi humo vinapata karamu. Hata zile nukta nyeusi puani ni mafuta yaliyokutana na hewa, si vumbi la stendi ya Msamvu. Nawa mara mbili, asubuhi na usiku, kwa sabuni isiyo kali, kwa vidole vyako. Dodoki libaki la miguu.

Mwenzako ana uso kama yai kwa sababu ya wazazi wake. Tezi za mafuta tunarithi kama tunavyorithi pua. Lakini kwako wewe uliyerithi zangu (mimi pia nilikuwa na chunusi mpaka miaka 26), chakula kinaweza kuchochea. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la vijana wa kiume 43 wenye chunusi, wa miaka 15 hadi 25. Wengine waliendelea na mlo wao, wengine wakapunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa kasi na kuongeza protini. Baada ya wiki 12 chunusi za waliobadili mlo zilikuwa zimepungua kuliko za wenzao. Jaribio lenyewe ni dogo, na vijana hao walipungua uzito pia, kwa hiyo siapi juu yake. Ila njia yake inaeleweka: sukari ikipanda ghafla insulini, homoni inayoishusha, inapanda nayo, na insulini inazichochea zile tezi.

Sasa tazama chakula cha saa nne usiku hapo chuoni: chipsi mayai na soda. Mafuta ya chipsi hayasafiri kutoka tumboni kwenda shavuni, hilo ni uzushi. Tatizo kubwa ni soda. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Hakuna mtu angekutilia vijiko tisa kwenye kikombe ukanyamaza. Anza na hiyo tu: soda iwe ya Jumapili. Mchana chukua maharage mengi na wali kidogo kuliko ulivyozoea, dona badala ya sembe ukiipata, dagaa, mchicha, na tunda lililo zima badala ya juisi. Kama unakunywa maziwa sana, pumzika mwezi mmoja uone. Kwa baadhi ya watu yanachochea, kwa wengine hayana neno.

Chakula peke yake hakitamaliza usaha. Nenda famasi uulize dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi, anza na ya asilimia 2.5. Paka usiku, nyembamba, eneo zima lenye chunusi, si kudonoa moja moja. Itakukausha mwanzoni. Kisha itakula rangi ya foronya na kanga yako, kwa hiyo tafuta kitambaa cheupe cha kulalia. Subiri wiki 8 mpaka 12 kabla hujanung'unika. Barua nyingi za "nimejaribu haikufanya kazi" zinatoka kwa watu waliopaka siku tisa.

Na hizo za paji la uso: unasuka? Unapaka mafuta gani ya nywele? Tangu mwaka 1970 madaktari wa ngozi Marekani waliandika kuhusu chunusi za paji la uso kwa watu weusi wanaotumia mafuta mazito ya nywele. Yanayeyuka, yanateremka, yanaziba. Yapake kwenye ncha za nywele, usiyafikishe kwenye mstari wa paji.

Usiziminye. Ngozi yetu nyeusi ikijeruhiwa inajibu kwa kumwaga rangi, na doa moja la chunusi iliyominywa linaweza kukaa miezi sita. Ukianza kupata manundu makubwa yanayouma na kuacha mashimo, hiyo si kazi yangu tena wala ya famasi. Muone daktari wa ngozi mapema, mashimo hayafukiki.

Bi Nesi shikamoo. Nina miaka 27, nipo Temeke. Ndoa yangu ni baada ya wiki 11. Nina miezi minane natumia mkorogo, nachanganyiwa saluni kwenye kopo. Nilikuwa nimetakata vizuri kabisa. Sasa nikiacha siku tatu uso unawaka moto, unawasha, unatoa vipele, nikirudia unatulia. Mapajani na karibu na kwapa nimeona michirizi mipana. Mchumba wangu hajawahi kuniona na rangi yangu. Tunataka mtoto mapema. Naomba usinitukane.

Marahaba mama. Nikutukane kwa kinywa kipi?

Mwaka 1984, nikiwa na miaka 22, nilikuwa naolewa. Bibi yangu mzaa mama alitoka Pemba na furushi lake: asumini, mlangilangi, karafuu, mawaridi makavu, kipande cha liwa, ule mti wa kunukia, na jiwe lake la kusagia. Alikuja kunisinga, yaani kunisugua mwili kwa manukato hayo kabla ya harusi. Akanikuta nimeshaanza kazi kivyangu, na sabuni ya kung'arisha niliyoletewa na rafiki na kopo la krimu lisilo na maandishi. Bibi alinishika mkono, akaugeuza, akatazama vifundo vya vidole. Hakusema kitu mpaka jioni, kisha akauliza, "Huyo bwana ameposa mkono au uso?" Nilicheka. Vifundo vyangu hadi leo ni vyeusi kuliko mkono wenyewe. Wanafunzi niliowafundisha kliniki walikuwa wakiniuliza, nami nilikuwa nikiwaambia ni kwa sababu ya kufua.

Kwa hiyo tuzungumze kama watu wawili waliokosea jambo moja.

Ndani ya kopo kama lako mara nyingi kuna kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu. Zebaki, ambayo inazuia ngozi kutengeneza rangi, na ikipenya mwilini inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni, ambayo daktari anaweza kuitumia kwa kipimo na kwa muda, lakini ikitumiwa miezi na miaka inaweza kuleta weusi wa bluu-bluu usioondoka. Na steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni, dawa za kutibu magonjwa ya ngozi ambazo mchanganyaji anazitia kwa sababu zinang'arisha na kutuliza haraka. Nikisoma barua yako, hiyo ya tatu naiona wazi. Michirizi ni ngozi iliyokonda ikachanika kwa chini. Kuwaka ukiacha na kutulia ukirudia ni ngozi iliyozoeshwa steroidi na sasa inaidai. Si mzio, si "uchafu unatoka" kama walivyokwambia saluni.

Wala usidhani nakutisha kwa jambo la uvumi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu, na tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango. Zebaki ina hata mkataba wake wa dunia, wa Minamata, wa mwaka 2013. Kopo lisilo na lebo halijapita kokote. Na ukiona krimu yenye lebo inayokuonya usiishike ukiwa umevaa dhahabu, fedha au vito, iache dukani: zebaki hula madini hayo.

Utafanya hivi. Wiki hii, si ijayo, nenda hospitali yenye kliniki ya ngozi, na ubebe kopo lenyewe mkononi. Usiliache nyumbani kwa aibu, daktari asiyeliona anapiga ramli. Mwambie umepaka mwili mzima au uso tu, na miezi mingapi. Hili ni la maana sana, kwa sababu steroidi nyingi ikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu inaingia kwenye damu, na tezi zako mwenyewe zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zinalala. Ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kuzimia. Daktari ndiye ataamua kama unaacha mara moja au unapunguzwa kidogo kidogo. Ukijisikia hivyo hata kabla ya siku ya miadi, usisubiri miadi.

Mwambie pia kwamba unataka kushika mimba. Zebaki inapita kwa mama na kumfikia mtoto tumboni. Kama kuna wasiwasi, kuna kipimo cha mkojo. Mtoto asubiri kidogo mpaka ujue. Na taulo, mashuka na foronya ulizotumia zifue kando, kwa sababu anayelala nawe kitanda kimoja anapakwa bila kuombwa.

Usoni sasa hivi usiweke kitu kingine zaidi ya hivi: maji ya uvuguvugu, mafuta ya mgando mepesi yasiyo na manukato, na mwavuli. Daktari akiruhusu, losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi. Najua mtaani wanasema losheni ya jua ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Kweli, wao wanaihitaji maisha yao yote, na pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, wanatengeneza yao kabisa. Lakini wewe umeivua ngozi yako mwavuli wake. Melanini ndiyo iliyokuwa ikikukinga.

Wiki 11. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kwa hiyo una kama mizunguko miwili na nusu. Kwa aliyepata chunusi ni muda mzuri. Kwa aliyezoea steroidi unaweza usitoshe. Sitakudanganya kwamba siku ya harusi utakuwa umerudi ulivyokuwa. Pengine utakuwa na mabaka, pengine uso utakuwa umeanza kutulia tu. Mpambaji mzuri atafanya kazi yake juu ya mabaka. Michirizi itafifia, haitafutika.

Kuhusu mchumba: mwambie kabla ya ndoa. Ataiona rangi yako vyovyote vile, na ni heri aione akiwa ameshaambiwa.

Singo ikija, ipokee, mkono kwa mkono, mguu kwa mguu, ila si kwenye uso unaowaka wala juu ya michirizi mibichi. Uzuri wa singo hauko kwenye siri yoyote. Inasugua taratibu ngozi iliyokufa, mafuta yanabaki, na kuna mtu mzima amekushika siku saba mfululizo anakuzungumzisha. Nilipata siku tatu tu, nyingine nilizipoteza kumficha bibi kopo.

Ukimaliza kuonana na daktari niandikie. Sitachapa.

Habari Bi Nesi. Mimi dereva, Mwanza. Nikinyoa ndevu natoka vipele shingoni na kidevuni, vinawasha, vingine vina nywele ndani. Kinyozi ananipaka spiriti inaunguza sana. Nimeambiwa ni damu chafu.

Njema kaka. Damu yako haina shida, shida ni wembe. Nywele zetu zimejisokota. Ukizikata zikawa sawasawa na ngozi, ncha inabaki kali kama mkuki, na zikianza kukua zinajipinda na kujichoma tena nyamani. Mwili unaona mgeni, unavimba.

Acha kunyoa mwezi mzima kama kazi inaruhusu. Kisha tumia mashine inayoacha kama milimita moja, usifuate ule unyoaji wa "kipara" shingoni. Nyoa kuelekea nywele zinakolala, usivute ngozi, usirudie mara nne sehemu moja. Iliyojipinda iinue kwa pini safi, usiing'oe, ukiing'oa inarudi imekasirika zaidi. Na hiyo spiriti mwambie kinyozi aimwagie mashine yake kabla hajakugusa, huko ndiko ina kazi. Ukiona vipele vya kisogoni vinaanza kuwa vigumu na kuungana, wahi kliniki. Vikigeuka makovu makubwa hata daktari anahangaika navyo.

Wewe Bi Nesi, toleo lililopita ulimwambia binti wa Korogwe aache mafuta ya nazi usoni. Nina miaka 78, nipo Pangani, nimejipaka nazi tangu nizaliwe na ngozi yangu ni laini kuliko ya mhariri wako. Kwa nini mnaharibu mila?

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Nazi sijaitukana. Kwenye mikono, miguu, tumbo la mjamzito, ngozi inayopauka baada ya kuoga, mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani ni mazuri, na mimi ninayo chupa bafuni. Nilisema usoni, na kwa mwenye chunusi. Mafuta ya nazi ni mazito, yanaziba vitundu ambavyo kwa huyo binti vimeshaziba. Wewe kwa miaka 78 tezi zako zimetulia zamani, unahitaji mafuta yoyote utakayoyapata. Na hata ulipokuwa binti pengine hukuwa na chunusi, kama yule wa Morogoro hapo juu mwenye uso kama yai.

Lakini niruhusu nikuulize nami. Miaka hiyo yote Pangani, ulikuwa unakula nini? Naweza kukisia: samaki kila siku, wali wa nazi au muhogo, mchicha wa uani, embe kwa msimu, na soda siku ya Idi. Huenda tunaipa chupa sifa ya sufuria. Mhariri anakusalimu, ameumia kidogo.

Mimi ni mwalimu, Songea. Naona matangazo ya vidonge na unga wa kolajeni, ile protini ya ngozi, na wanafunzi wangu wanaamini kung'aa kunanunuliwa. Je, chakula cha kawaida kweli kinafika kwenye ngozi, au ni maneno ya akina mama wa kliniki?

Mwalimu, kinafika, na tunalijua hili vizuri zaidi kwa kutazama kinapokosekana. Mwaka 1990, si mbali na hapo ulipo, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakipewa mgao wa mahindi na karanga. Karanga zikakatika. Ndani ya miezi michache watu zaidi ya 17,000 walipata pelagra. Ngozi ilikuwa nyeusi, kavu, inapasuka, pale tu jua linapofika: mikononi, miguuni, na shingoni kama mkufu. Kilichokosekana ni niasini, vitamini ambayo mahindi yanayo lakini yameifungia, na karanga zilikuwa zikiileta. Karanga! Huwezi kuniambia chakula hakifiki.

Waonyeshe wanafunzi na mtoto wa kwashakoo kwenye kitabu cha baiolojia, jinsi ngozi inavyobambuka kama rangi ya ukuta. Hiyo ni protini.

Ila kuna upande wa pili ambao wauza vidonge hawausemi. Ukishapata cha kutosha, kuzidisha hakukuzidishii mng'ao. Atakayekula karoti kilo nzima kila siku viganja vyake vitakuwa vya njano, basi. Kolajeni ukiimeza tumbo linaivunja kama linavyovunja mchuzi wa kongoro, ambao ni wa bei nafuu na una ladha. Hata maji: kunywa mpaka mkojo uwe mweupe wa njano kidogo, inatosha. Lita tano hazitalainisha kisigino.

Kama ni kwa mshahara wa mwalimu, mimi ningenunua hivi. Dagaa, kwa protini, zinki na yale mafuta mazuri ya samaki. Maharage au kunde. Mbegu za maboga, msizitupe, kaangeni. Mchicha, matembele, kisamvu au viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyote vina vitamini A, lakini vipikwe na mafuta kidogo au karanga, kwa sababu bila mafuta mwili hauifyonzi vizuri. Na mapera. Pera lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, nalo linaoza chini ya miti watoto wakililia pipi. Mwili hauwezi kutengeneza kolajeni bila vitamini C, kwa hiyo unga wao wa kolajeni mko nao hapo shuleni, juu ya mti.

Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat. Hapa ngozi yangu imekuwa kama ya mjusi, miguu inapasuka. Nyumbani sikuwa hivi. Natumia sabuni ile ile.

Waalaykum salaam mwanangu. Sabuni ni ile ile, hewa siyo. Unguja hewa yenyewe inakupaka maji. Huko unalala na kiyoyozi, unaamka nacho, unaendesha gari nacho, na kiyoyozi kazi yake nyingine ni kukausha hewa. Punguza maji ya moto bafuni na usikae muda mrefu. Sabuni iende kwapani, sehemu za siri kwa nje na miguuni, si lazima mwili mzima kila mara. Kisha usijikaushe ukasugua. Jipanguse tu, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, jipake mafuta mazito. Mafuta hayaleti maji, yanafungia yale yaliyopo, ndiyo maana ukijipaka ukiwa umeshakauka unajilaumu bure. Visigino, mafuta ya mgando na soksi za pamba usiku. Na kama mama amekutumia liwa, iache mpaka ngozi ipone, ikikauka inavuta unyevu.

Bi Nesi, nina baka begani, limepauka kuliko ngozi yangu, lina mwaka sasa. Haliwashi, haliumi, hata mbu akiuma hapo sisikii. Nimepaka dawa ya mashilingi (fangasi) makopo matatu. Nipake nini kilicho bora? Kijana, Handeni.

Usipake chochote. Baka linalowasha lingenipa usingizi, lako lisilosikia mbu ndilo lililoniamsha. Chukua uzi wa pamba, fumba macho, mwenzako akuguse nao begani mara ndani ya baka mara nje. Kama ndani husikii, au hata kama huna uhakika, nenda kituo cha afya kesho asubuhi na useme neno kwa neno: "Nina baka lisilo na hisia, nataka kupimwa ukoma."

Najua neno hilo linavyosikika kijijini. Lakini unatibika kabisa kwa vidonge, miezi 6 au 12 kutegemea aina, dawa ni bure, na ukishaanza kumeza huambukizi watu nyumbani. Kinacholemaza vidole ni kuchelewa, na wewe umeshapoteza mwaka kwenye makopo. Watu unaoishi nao nao watazamwe.

Barua yako mhariri ameiweka mwisho kwa sababu ni fupi, mimi niliijibu ya kwanza. Nimemwomba akutumie jibu hili kwa simu leo, gazeti halijapelekwa hata kiwandani.